Armoire ya Mama Buko na Musumari Yangu

Lundi 10 juin 2024
Baridi, vumbi mingi. Batu ya reli balikuya kuangalia nyumba ya mama buko — mama ya bibi yangu wa ndoa, Lucienne. Ile nyumba ya reli, ya zamani. Ukuta ya nyuma imepasuka toka chini mupaka ku dirisha. Bwana moya mwenye kalamu ya bic ku sikio akachora msalaba ya rangi nyekundu ku ukuta. Anasema kufika samedi, muntu asikuwe tena mule ndani. Mama akamuuliza kama ile rangi inatoka na sabuni.

Amédée, mutoto ya mama mwenye anaikala Luena, alipata nafasi mu wagon ya bidhaa. Samedi, saa kumi. Bon. Mama anakubali kwenda kuikala kwake. Lakini na armoire yake, ile kabati kubwa ya manguo. Bila armoire, anasema, ukuta imwangukie tu.

Armoire haipite ku mulango. Haiyapita hata siku moya. Ilikuya mbao-mbao, baliiunganisha mule mule ndani.

Mardi 11 juin
Niiandike muzuri, nisisahau. Ile armoire ni ya Normandie, kule Ufaransa. Bibi ya ingénieur moya wa reli alikuya nayo. Wakati ya kurudi kwabo akamuachia mama, juu mama njo alimulelea batoto. Ni mbao ya chêne, mwaloni ya Ulaya, nzito! Juu kabisa balichonga njiwa mbili zinagusana midomo, kikapo ya maua, na ngano. Madame alimuelezeaka mama: kwabo, mutoto mwanamuke akizaliwa, baba anakata muti, anaikausha miaka na miaka, siku ya ndoa inakuwa armoire. Siye huku tunapanda mihogo. Inaiva mbele ya ndoa.

Ku atelier ya wagon, kwenye nilikuwa fundi ya mbao, tulikuwa na katalogi ya zamani, nilikuwa naisoma saa ya midi. Kila upande ya Ufaransa na armoire yake! Ya Bretagne iko na misumari ya shaba inaangaa ku milango — bale banapenda kuonyesha. Ya Provence ni ya muti ya noyer, na miguu yake imekunjika sawa muntu anayelomba ruksa. Ya Normandie inasimama wima, haicheke na muntu. Njo ile mama alipata. Wanafanana.

Mule ndani hakuna musumari, hakuna gundi. Ni bijiti ya mbao tu, inapenya mu tundu. Ukijua kijiti gani inatangulia, saa moya yote iko chini. Mu Kamina nani anajua? Minyi.

Lakini iko mu chumba ya kulala ya mama buko. Na minyi ni mukwe.

Mercredi 12 juin
Mukwe mwanaume haingie mu chumba ya mama buko. Hata kukutana mu barabara — minyi napita upande ingine, yeye anafunika uso na kitambaa. Miaka makumi tatu na tano. Haiko chuki! Ni heshima. Franchement, ni heshima ya kuchokesha.

Donc tumefanya hivi: mi naikala inje, chini ya dirisha, juu ya tofali. Lucienne iko ndani na marto, nyundo ya mbao. Mi napika kelele, yeye anapika kijiti. «Upande ya kushoto!» «Kushoto yangu ao ya armoire?» Tukaenda hivyo mupaka saa kumi na moya. Njiwa zimeshuka salama. Milango imetoka.

Lucienne alitaka kutosha kalenda ya parokia yenye iko imebandikwa na scotch ku pembe ya kushoto ya armoire, juu. Mama akakatala. Asema kalenda itatoka ya mwisho. Bazee na mambo yabo.

Jeudi 13 juin
Haitoke. Mbao ya juu, ile pembe ya kushoto. Najua juu ya nini. Naandika hapa, hakuna muntu atasoma.

Mwaka ya 1989 atelier ilinituma kutengeneza ile armoire. Nilikuwa kijana, mukwe bado. Lucienne akaleta mayi ya kunywa. Minyi naangalia Lucienne — marto ikavunja kijiti mule mule mu tundu. Chêne ya kuchonga kijiti ingine, wapi? Nikaweka musumari. Nikakata kichwa yake, nikafunika na cire, ile nta, na bunga ya mbao. Mama akauliza: hakuna musumari? Nikajibu: hata moya!

Kisha siku ya kuzungumuza mahari, bandugu za mama balinikatala. Mutoto wa kambi ya reli, balisema, hatujue hata kwabo. Mama njo alisimama. Akasema: huyu ni ule fundi hakuweka musumari, muntu wa vile hatadanganya mutoto yangu. Njo vile nilipata bibi.

Nikisema, nakuwa muntu wa bongo, wa kudanganya, miaka makumi tatu na tano. Nikinyamaza, Lucienne anapika marto, chêne inapasuka, mama haende. Na ukuta haingoje.

Nina haya.

Vendredi 14 juin
Nimemwambia Lucienne mbao imekunywa mayi. Kiangazi hii! Akaniangalia ku dirisha wakati murefu.

Tofali mbili zimeanguka ndani. Sahani moya ya mama kwisha. Anakunywa chai yake palepale, asema kesho iko mbali.

Samedi 15 juin, saa tisa
Wagon inaenda saa kumi. Amédée amekuya na pousse-pousse, mukokoteni ya kubeba mbao.

Lucienne alilomba marto ya chuma kwa jirani, hakuniambia. Nikasikia ya kwanza: pa! Nikapika kelele — Acha! Iko na musumari!

Lucienne akaweka marto chini.

Nikasema yote, pale ku dirisha, na Amédée anasikia. Kijiti, cire, bongo. Sauti yangu ilikuwa ya mutoto. Nikasikia scotch ya kalenda inabanduka pole pole.

Kisha Lucienne akanirudishia ku dirisha maneno ya mama, mwenye alikuwa ameikala mule ndani. Chêne ikigusana na chuma inatosha alama nyeusi. (Mbao yetu ya mulombwa haifanyake vile! Sikujua.) Mvua ya kwanza tu, na unyevu yake, alama ilitoka, sawa ya kitako ya kikombe ya kahawa. Njo mama akabandika kalenda, bandugu zake basione. Kila mwaka kalenda mupya. Nikauliza: mvua ya mwezi gani? Lucienne akauliza ndani. Akarudi ku dirisha, macho na mayi.

Mwezi ya kumi.

Mahari yetu ilikuwa mwezi ya kumi na mbili, mwaka ile ile.

Mama alijua. Wakati alisimama mbele ya bandugu zake na kunitetea, alikuwa anajua!

Musumari bila kichwa, Lucienne hawezi kuingoa. Lazima mukono yangu. Amédée amekimbia kutafuta kuku ya kupa mama, juu mukwe hawezi kuvuka mulango ya mama buko na mikono mitupu. Saa tisa na nusu. Hajarudi. Naandika nimesimama ku mulango ya chumba, viatu nimetosha, pinsi ya kungoa musumari mu mufuko. Na sasa sauti inatoka ndani, haiko ya Lucienne — sikuisikiaka ikiniita toka ndoa:

«Xavier! Ingia. Wagon haingoje kuku.»