Moto Ule Haukutoka Mkononi Mwako

Mpendwa mdogo wangu Maganga,

Simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma ukanyamaza. Sawa. Ulishutumiwa mbele ya watu, nami nakuandikia mbele ya watu, ili hata anayekuuzia chai huko Mwanza asome akuambie: hukuunguza pori la Ipole wewe.

Asubuhi ile unaikumbuka kuliko mimi. Kiangazi kimekaza, nyasi zimekauka mpaka zinalia zikikanyagwa. Baba alituendesha kutoka nyumbani kwenda kurina asali, injini ya pikapu yake inamisi, inakatakata njia nzima, harufu ya petroli imetujaa puani. Ulimwambia, "Baba, plagi moja haichomi, tusimame tuiangalie." Akakujibu, "Kwani nyuki wanatungoja?" Nilicheka, maana ndani ya gari lake baba hajawahi kushindwa na mtu. Akaliegesha kwenye majani marefu, nawe ukachukua mwenge wa maganda ya mti ukaenda kuwafukiza nyuki.

Moto ulipolipuka kila mtu alikimbia na njia yake, na baba akaliondoa gari mbio. Mizinga yote ya kikundi chetu cha warina asali iliteketea pamoja na nyuki wake. Tuliposimama kwenye majivu, baba alikunyooshea kidole: "Mshika mwenge ni wewe." Ukasema, "Niliuzima, baba. Niliufukia mchangani." Hakuna aliyekwenda kufukua. Kwetu mshika mwenge ndiye mdhamini wa pori, na likiungua haingii tena, kwa hiyo wanakikundi wakakufungia njia palepale. Nilikasirika, lakini hasira si ushahidi.

Baadaye gari lilipoishiwa nguvu kabisa, fundi mmoja wa Tabora mjini alikata bomba la moshi akatoa masega, kile kigae chenye vitundu vingi kinachosafisha moshi wa injini. Alitaka kuyatupa. Niliyabeba mpaka Dar, kwenye maabara ya chuo ninakofanya kazi.

Nikueleze kwa lugha ya nyumbani. Kuta za vitundu vile hupakwa utando wenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na humo hutawanywa punje ndogo mno za platini na madini yaliyo jamaa zake. Moshi husafishwa unapogusa ngozi ya punje hizo. Sasa joto la miaka huzifanya zitambae na kugandana, kama matone ya mafuta juu ya mchuzi yanavyoungana yakawa tone moja kubwa. Ngozi ya kugusa moshi inapungua, na vinyweleo navyo vinajifumba. Ukikitazama kigae kwa nje ni kilekile, kumbe ndani kimezeeka.

Kipande cha kwanza nilichoweka chini ya hadubini kilionyesha hayo tu. Kila gari kuukuu liko hivyo, na uzee wa masega haukutetei. Nikakata kipande cha katikati. Huko vitundu havikuwepo. Kigae kilikuwa kimeyeyuka kikaziba. Safari za kawaida haziyeyushi kigae, Maganga. Petroli ambayo injini ilishindwa kuichoma ndiyo iliyoteremka ikaenda kuwakia humo, na joto la namna hiyo chini ya gari linatosha kabisa kuwasha nyasi kavu. Hadubini haikuuona moto wenyewe, hilo nalikubali. Lakini upepo asubuhi ile ulitoka kwenye gari kuja kwako. Moto ulikufuata mizingani, haukuanzia kwako.

Nilirudi nyumbani nikamwambia baba, na niliogopa sana. Alisikiliza mpaka mwisho, habari za platini hakuziuliza. Alisema tu, "Gari nililiegesha mimi."

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka kanisani, aliwaita wanakikundi. Mmoja akaguna kwamba dada mtu anamtetea mdogo wake kwa vitabu. Baba akamkatiza: "Vitabu viacheni. Mwanangu aliniambia tusimame, nikakataa. Mwenye moto ni mimi, na wa kufungiwa pori ni mimi." Akawakabidhi kamba zake za kupandia miti na panga. Nilimwonea uchungu, na papo hapo nikaona fahari, na hasira yangu kwake haijaisha bado. Yote matatu ninayo hadi leo.

Msimu umeanza. Wenzake baba wanapita alfajiri kwenda msituni, naye anawapungia mkono kutoka uani. Njia yako iko wazi, na hakuna mtu hapa kijijini anayelitaja jina lako kwa ubaya tena. Nimekukumbuka, Maganga. Nyumba imepoa bila wewe.

Jana nilikuwa namwekea baba maji ya kunawa, akaniuliza bila kunitazama, "Akija, atanisalimia?"

Jibu unalo wewe.

Ni mimi, dada yako