Picha Mbili, Kibali Kimoja

Kibali kilikuwa cha siku moja, Annuarite, na ulikuwa na sehemu mbili za kwenda. Ulichagua moja. Leo umetimia mwaka tangu tukuzike.

Watu wa nyumbani walitaka Raïssa, binti yetu, ndiye aandike maneno haya ya misa ya kumbukumbu, kwa sababu ana shule. Nilikataa. Mimi niliishia darasa la nne na kazi yangu ni kufyatua matofali, lakini mke alikuwa wangu. Atanisahihishia herufi tu.

Ulikuwa ukishona mlangoni kwetu, hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, pini zikiwa mdomoni, na ukiongea hivyo hivyo na pini zako. Wageni hawakuelewa neno. Majirani walishazoea. Sare za watoto wa shule uliziachia pindo la vidole vinne, ili mwaka ujao mzazi alifumue na gauni lirefuke pamoja na mtoto. Hakuna aliyekuomba ufanye hivyo. Mpaka leo naona watoto wanapita na mstari wa pindo la zamani kwenye magoti, nami najua ni mkono wako.

Kule Bukavu, Kongo, ulikuwa mwalimu. Siku tuliyokimbia, mimi nilibeba sufuria, wewe ulibeba kitabu. Tuligombana njia nzima kuhusu hilo. Kitabu chenyewe ni *Kengele ya Saa Tatu*, na hapa kambini nani hakijui? Kila Jumapili baada ya misa ulitusomea uani, sura moja moja, na kikiisha tulikuomba uanze tena. Kinasimulia zamani za Wabelgiji, Bukavu ilipokuwa ikiitwa Costermansville. Saa tatu ya usiku kengele inalia, na mtu mweusi asiye na kibali lazima atoke kwenye mtaa wa Wazungu. Karani Adolphe anampenda Feza, mjane anayetozwa kodi kwa sababu tu anaishi bila mume. Feza anafukuzwa mjini. Adolphe anabaki akimngoja kwenye baraza ya bwana mkubwa, jioni baada ya jioni, mpaka Feza anarudi. Basi. Lakini watu walilia kila mara kama hawakujua mwisho. Habari ya vibali hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Rodrigue ndiye aliyeleta wazo la filamu. Anafanya kazi kwenye ghala la tumbaku Kanengo, Lilongwe, na Jumamosi anapiga video za harusi. Alisikia sura moja uani kwetu, akasema hii lazima ionekane. Mpwa wa marehemu mwandishi akatuma barua ya ruhusa. Wewe ukachukua kitabu ukakiweka mezani kama kitambaa cha mteja.

"Kitabu njo kitambaa ya meta sita," ulituambia. "Filamu njo blauzi. Ukikata mubaya, mwenye kitambaa analia."

Ukurasa wa kubaki ulitiwa pini. Ukurasa wa kutoka ulitiwa uzi mwekundu. Sura yote ya shangazi wa Feza, yule mlevi wa mdomo mchafu, ilipata uzi mwekundu, na mama yako Madeleine hakusema nawe siku mbili.

"Shangazi njo ananichekeshaka," alisema siku ya tatu. "Ukimutoa, utabakisha nini? Kilio tu?"

Ukamrudisha shangazi kwa dakika moja, na ukampa mama yako mwenyewe amwigize. Hakuna aliyemfundisha matusi. Alikuwa nayo.

Koti la Adolphe ulilitoa soko la Mchesi, Lilongwe, kwenye marundo ya kaunjika, nguo za mitumba. Ulilifumua lote, ukalishona upya kwa kipimo cha Jules, kijana wa kwaya aliyekuwa awe karani. Wiki mbili kabla ya kuanza, Jules akapata ndege ya kwenda Kanada. Tulifurahi kwa ajili yake, na tukamlaani kidogo. Ukanigeukia na koti mkononi.

"Vaa."

"Mi sijue kuigiza."

"Adolphe naye hajue. Anasimamaka tu na kupenda. Vaa, Zénon."

Lilinikaa. Ndivyo mtu wa matofali alivyokuwa karani. Feza ulikuwa wewe, maana hakuna mwingine aliyejua maneno yote kwa kichwa.

Tulikuwa tumebakiza mwisho ulipoanza kukosa pumzi. Ulikuwa unapanda kilima kidogo cha bomba la maji, unasimama katikati na kusema unaangalia mawingu. Daktari wa kliniki alisikiliza moyo wako kwa muda mrefu kuliko tulivyopenda. Akaandika uende Lilongwe, moyo upigwe picha, siku ya Alhamisi. Ofisi ikatoa kibali cha siku moja, cha mgonjwa na mtu wa kumsindikiza, kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Wiki hiyo hiyo mwenye nyumba alimpigia Rodrigue simu. Nyumba ile ya zamani mjini Lilongwe, yenye baraza ndefu na nguzo za matofali, aliyotuahidi kwa ajili ya baraza ya bwana mkubwa, ilikuwa inabomolewa Jumamosi.

Asubuhi ya Alhamisi ulipiga magoti mbele ya mama yako akubariki.

"Mama, naenda Lilongwe kupigwa picha."

Akakuchora msalaba kwenye paji la uso. Katika lugha yetu picha ya moyo ni picha, na picha ya filamu ni picha. Hukumdanganya hata herufi moja. Mimi nilikuwa mlangoni, koti la Adolphe likiwa ndani ya mfuko. Nilisikia, nikanyamaza.

Njiani basi lilisimamishwa. Nilikuwa nimeshavaa koti, lisikunjike. Askari aliponyosha mkono kudai karatasi, nikaingiza wangu mfukoni, nikampa kibali cha Adolphe. Raïssa alikiandika kwa mashine ya kanisa, na muhuri wake Lévi, mwanetu, aliuchonga kwenye soli ya ndala. Askari alikisoma taratibu, mdomo ukitembea. Costermansville. Mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na mbili. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Agogo," akasema kwa Kichewa, "mwachedwa!"

Babu, umechelewa. Basi zima likacheka, na ni wewe uliyecheka zaidi. Ukampa kibali cha kweli. Alipokisoma, uso wake ukabadilika.

"Mgonjwa ni nani?"

"Mimi," ukasema. Chini ya kitenge ulikuwa umevaa gauni la Feza.

"Pole, mama. Pitani."

Ulicheka mpaka tunaingia mjini, ukifuta macho kwa ncha ya kitenge, ukirudia "mwachedwa, mwachedwa". Mimi sikuweza tena kucheka.

Tuliposhuka nilikuambia, "Annu, tupite kwanza ku hopitali kwa munganga."

"Moyo nitarudi nayo nyumbani," ukasema. "Ile nyumba sitaikuta tena."

Ningeweza kukushika mkono. Mikono yangu inainua matofali kumi kwa mara moja. Sikukushika. Nataka waliokuja kukuombea walijue hilo, na walijue kutoka kwangu.

Nyumba ilikuwa imeshatolewa milango. Jua liliingia mahali ambapo vigae vilikuwa vimetoka, likasimama sakafuni kama shuka zilizoanikwa, na vumbi lilikuwa linapanda ndani yake polepole, bila haraka ya kutua. Raïssa alikuwa amechora picha ya mfalme wa Wabelgiji tuitundike ukutani. Alifanana na padri wetu. Tulimtundika hivyo hivyo. Nje kulikuwa na mji, magari, mtu anauza barafu za sukari kwa kipaza sauti, na kila tulivyokaa sauti hizo zilikwenda mbali, kama zinasikika kutoka ukingo mwingine wa ziwa.

Rodrigue alinieleza kwamba watu wawili wakitazamana kwenye filamu, hupigwa mmoja mmoja. Upande wangu kwanza: Adolphe yuko barazani, anainua macho, anamwona Feza anakuja. Upande wako ungepigwa wiki inayofuata kambini, kwa kuwa ulihitaji njia tu na vumbi, na hivyo tunavyo. Ukaja ukasimama nyuma ya kamera, ili macho yangu yapate mahali pa kwenda.

Tulirudia mara nne. Mara ya nne ukapiga mguu chini.

"Zénon, we! Unaniangalia sawa vile bantu banaangaliaka mugonjwa. Feza haiko mugonjwa. Niangalie sawa vile ulikuwa unaniangaliaka kule Kadutu."

Basi nikakuangalia. Na sijui ilikuwaje. Ile baraza iliondoka. Nilikuona kwenye bomba la Kadutu miaka ishirini na mbili nyuma, ndoo ya njano mguuni, ukimtukana mwanaume mzima aliyeruka mstari, na mvua nyembamba ya Bukavu ilikuwa kwenye nywele zako na hukuwa na habari nayo. Ulikuwa unakuja kwangu na ulikuwa umesimama pale pale. Hata Rodrigue hakusema "kata". Baadaye alisema alisahau.

Tulirudi kambini kabla ya saa kumi na mbili. Ulilala begani kwangu kwenye basi, ukanuka vumbi la nyumba ile.

Jumatano iliyofuata ulikuwa unapiga pini mkono wa blauzi. Ukasema unaketi kidogo.

Rodrigue alikuja baada ya siku arobaini, kofia mikononi. Alisema inawezekana Sylvie, mdogo wako, avae gauni la Feza, apigwe kwa mgongo, na hakuna atakayejua. Sylvie alikuwa tayari. Alilia lakini alikuwa tayari. Nikasema hapana. Rodrigue akasema basi filamu haina mwisho. Nikasema isiwe nao. Tulikaa hivyo miezi tisa, na nilifikiri ninakulinda.

Ni mama yako aliyenishinda. Mwezi uliopita nilikwenda kumwambia ukweli wa Alhamisi ile, kabla hajausikia kanisani. Nilimwambia yote: kibali, basi, daktari ambaye hatukumwona. Alikuwa anachambua maharage. Hakusimamisha vidole.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Mugonjwa gani anavaaka viatu ya kisigino kwenda ku hopitali? Niliviona chini ya kitenge." Akatupa jiwe dogo nje. "Nilijua, na nilimubariki. Sasa toa ile filamu bantu baione. Ama alienda bure?"

Tukaionyesha Jumamosi moja, wiki tatu zilizopita, ukumbini kwa kanisa, kwenye mashuka mawili uliyoyaunga wewe mwenyewe. Watu walikaa mpaka madirishani. Shangazi alipotokea walipiga kelele, na mama yako akainuka kuwapungia mkono. Kisha mwisho ukafika, upande wangu peke yake. Adolphe anainua macho. Anamwangalia mtu. Picha inaisha.

Nilitaka kutoka. Nyuma yangu kijana mmoja akauliza, "Sasa Feza iko wapi?"

Mama Nibigira, yule anayeuza mandazi karibu na soko, akamgeukia.

"We, hauna macho? Angalia vile anamuangalia. Ule mwanamuke amekwisha fika."

Nami nilijua kwamba alisema kweli.

Mke wangu, pumzika. Wanaokukumbuka ni mama yako Madeleine, mdogo wako Sylvie, watoto wako Raïssa na Lévi, na mimi mumeo, Zénon. Tutakukumbuka siku zote tutakazopewa.

Filamu ina dakika thelathini na nane. Mwisho wake una sekunde kumi na moja. Kibali kilikuwa cha saa kumi na mbili: nne zilikwenda barabarani, nane kwenye ile nyumba, kwa daktari haikwenda hata moja. Kibali cha pili, cha kwenda kupigwa picha ya moyo, kilitoka siku tatu baada ya mazishi. Nyumbani tulikuwa sita. Tuko watano.