Santuri ya Zarina

Jumatatu, 4 Machi 1974

Stensili imechanika tena kwenye mashine ya kuchapa. Wino mpaka kwenye kola. Mchana kwaya ya ofisi ilifanya mazoezi ya wimbo wangu, nyuma ya stoo. Wangu, kwa sababu wote wanauita hivyo. Maneno kweli ni yangu: jembe, tumbaku, umoja. Tuni yake si yangu. Niliitoa kwenye santuri ya Zarina, binti wa dukani, ya vijana wanne wa Uingereza wapiga magitaa. Alisema hata kwao hawakujulikana. Walitoa santuri hiyo moja, wakaachana. Bwana Kasanda, Afisa Utamaduni, alitaka wimbo haraka, na kichwani sikuwa na mwingine. Sasa watu wa redio wanakuja kuurekodi. Naogopa.

Alhamisi, 7 Machi

Tulikwenda kuuimba Ntalikwa, kijiji cha ujamaa. Wanawake waliacha palizi wakaitikia. Bibi Nyamizi, mkongwe kuliko wote pale, alilia. Akasema baba yake, mpagazi aliyebeba pembe mpaka Bagamoyo, alikuwa akiuimba njiani.

Bwana Kasanda nusura acheze. "Mihayo, mwanangu, umefukua hazina! Mbona hukusema?"

Nikasema nilisahau. Jibu la kipumbavu.

Ameniamuru nipige chapa: Wimbo wa Wapagazi, asili yake Unyamwezi. Nimepiga. Siku hizi redioni zinaruhusiwa nyimbo za nyumbani tu. Juzi tarishi alifukuzwa getini kwa suruali ya bugaluu, ile pana chini, mtindo wa kizungu. Mimi nimeingiza Uingereza nzima kwenye kwaya.

Ijumaa, 8 Machi

Sikula.

Jumamosi, 9 Machi

Nilikwenda dukani kwa Mzee Kassamali, baba yake Zarina. Anauza kila kitu. Mwezi ujao anamfuata binti yake Coventry, Uingereza. Rafu zina vumbi tu. Kona ile ipo bado, karibu na majora ya kitambaa, tulipokuwa tukisikiliza mimi na Zarina. Mimi upande huu wa kaunta, yeye upande ule. Hatukuwahi hata kushikana mikono. Pale ngoma inapoingia aligonga kaunta kwa kidole. Kwaya wakipiga makofi pale pale, namwona.

Siku ya kuondoka aliniambia santuri ibaki na mimi. Sina gramafoni, nikaiacha dukani. Sasa naitaka. Naitaka kwa ajili yake, na naitaka isisikike na mtu mwingine.

"Shikamoo, mzee. Ile santuri ya Zarina."

"Marahaba. Umechelewa, baba. Bwana Kasanda amenunua gramafoni na sanduku zima la santuri, viende ukumbi wa ofisi yenu. Jumatatu anachukua."

"Hiyo moja tu, mzee."

"Ameshaziona zote. Ikipungua moja nitaitwa mwizi wa mali ya umma, na mimi nangoja ruhusa ya kusafiri."

Naye anaogopa. Nikaacha kumsumbua. Nilipofika mlangoni akasema Zarina amewaulizia madukani huko. "Hakuna anayewajua wale waimbaji wenu."

Wenu. Nimetembea na neno hilo mpaka nyumbani, Chemchem.

Jumatatu, 11 Machi

Bwana Kasanda alinichukua nikabebe sanduku. Dukani akataka kujaribu gramafoni kwanza. Akapekua santuri, akacheka picha ya jalada moja. "Hawa nao, na nywele hizi, ni wanaume au wanawake?" Niliijua ni ya Zarina kwa kona ya jalada lake iliyokatika. Akaiweka.

Gitaa. Kisha ngoma. Bwana Kasanda alisikiliza mpaka mwisho, akarudisha sindano, akasikiliza tena. Mzee Kassamali alitazama sakafu. Nikafungua mdomo nikiri.

"Wezi!" Bwana Kasanda akapiga kaunta kwa kiganja. "Mnasikia? Wimbo wa wapagazi wetu! Walichukua pembe, wakachukua watu, sasa mpaka nyimbo!"

Mzee Kassamali akakohoa ndani ya leso, kwa muda mrefu. Bwana Kasanda akanikabidhi santuri.

"Shika hii, Mihayo. Ukaivunje. Sitaki iingie ukumbini."

"Ndiyo, bwana."

Jumapili, 7 Aprili

Mvua nyepesi. Mzee Kassamali ameondoka kwa treni ya juzi. Duka lina kufuli.

Leo redio imeupiga. Mtangazaji alisema ni wimbo wa kale wa njia ya misafara. Jirani yangu aliongeza sauti, watoto wakaruka uani. Ntalikwa wanaulimia sasa. Labda baba yake Bibi Nyamizi aliimba kitu kama hicho kweli. Sijui. Wala sitamuuliza.

Redio yetu haifiki Coventry. Laiti ingefika. Laiti mtu angewaambia wale vijana wanne, popote walipo, wanafanya kazi gani sijui, kwamba huku wanaimbwa.

Sikuivunja. Iko chini ya godoro. Jioni niliitoa, nikaifuta vumbi, nikaiweka mezani. Sina gramafoni. Nilingoja, kichwani, pale ngoma inapoingia, nikagonga meza kwa kidole.