Pipa Langu Halipiki Gongo

Jumatano, Novemba. Likombe. Joto la kungoja mvua, na nina hasira.

Leo wamekuja kunikamata kwa kupika gongo.

Mimi, mwalimu wa kemia, ambaye hata uraka, ile pombe ya mabibo anayotengeneza shangazi yangu kule Nanyamba, sijawahi kumaliza kikombe.

Nisiwe muongo, ukichungulia uani kwangu kesi ipo. Pipa liko juu ya moto, mfuniko umezibwa kwa udongo, bomba linatoka juu na kuingia kwenye ndoo ya maji. Pembeni kuna magunia ya makapi ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, na harufu yake huku kwetu hakuna asiyeijua. Shangazi akishakamua uraka wake, makapi alikuwa anamwaga. Siku hizi nayachukua mimi. Nayakausha, nayachanganya na mbolea ya urea, nayachoma bila hewa mpaka yawe unga mweusi.

Unga huo nautaka uwe kichocheo ndani ya seli ya mafuta, kile kifaa kinachotoa umeme kwa kukutanisha hidrojeni na hewa. Kichocheo kinachotumika kwa kawaida ni platinamu, madini ambayo hata kuuliza bei yake naona aibu.

Bomba ni la kutolea moshi, na maji ya ndoo ni ya kuupunguza. Nilimweleza hivyo mwenyekiti wa mtaa, akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, na wewe tena?"

Bi Somoe, mwenye nyumba wangu, alisimama mlangoni kajiziba pua kwa kanga. Akasema yeye hapa anasali, na sisi watu wa Nanyamba anatujua. Nikamwekea mwenyekiti unga kiganjani ili aone kwa macho yake. Akauliza kama unalewesha kwa kulambwa.

Amri ikatoka: Ijumaa pipa liwe limevunjwa, la sivyo nihame.

Kilichoniuma ni kwamba sina pipa lingine, na shuleni hakuna tanuru. Na juzi tu, kwa mara ya kwanza, unga wangu ulizungusha feni ndogo ya kuchezea. Ikazunguka kidogo, ikasimama. Sijui kwa nini ilisimama, na nataka kujua kuliko ninavyotaka chumba hiki.

Walipoondoka nililia. Halafu nikachoka kulia.

Mwalimu mwenzangu ananishauri nikachomee porini, kimyakimya. Sitaki. Porini ndiko wanakojificha wanaopika gongo kweli, na mimi nikienda huko nitakuwa nimekiri kosa ambalo sijafanya.

Kesho nikitoka shule nawasha tena. Safari hii si uani, ni mbele ya nyumba, barabarani kabisa, jua likiwa bado linawaka. Ndoo naiondoa. Nimeshamtumia mwenyekiti ujumbe aje na kikombe chake, akinge mwenyewe kwenye bomba.

Kitakachodondoka humo, anywe yeye kwanza.