Lenzi ya Kulia, Jicho la Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Kabla hata ya salamu, kuna jambo sijamwambia mtu: wiki hii Mama haoni vizuri, na ni kwa sababu yangu. Sasa nikusalimie, usije ukasema shule hainifunzi adabu. Hujambo? Kazi inaendeleaje? Sisi wazima, ukiondoa hilo.

Unakumbuka hali ya Mama tangu ile operesheni ya macho kwa leza. Taa moja aliiona tatu, miwani haikusaidia kitu, na siku moja alilisalimia koti la Baba mlangoni, kisha akalilaumu kwa kutoitikia. Baba alipomuuliza anaendeleaje, alijibu kwamba sasa ana waume wawili na hakuna hata mmoja anayeosha vyombo.

Ulipomshawishi akapimiwe zile lenzi ngumu, kubwa, zinazojazwa maji maalumu kabla ya kuvaliwa jichoni, alinung'unika njia nzima. Lakini siku ya kwanza kuzivaa alitunga uzi kwenye sindano, akauchomoa, akautunga tena ili wateja waone. Mwezi mzima cherehani haikupumzika.

Jumanne akaanza kuona ukungu. Kola ya shati la mteja ikapinda kama mdomo wa mtoto aliyenuna. Amesema mtaalamu wa lenzi ni mbabaishaji, kwamba kesho anamrudishia vitu vyake, na cherehani anampa shangazi. Ameniagiza nikuandikie hivi hivi: "Mwambie dada yako macho yangu si uwanja wa majaribio."

Dada, mtaalamu hana kosa, wala wewe. Jumatatu jioni Mama alikuwa ameungua kidole kwa pasi, akaniomba nimvue lenzi kwa kile kijipira kinachoinasa lenzi na kuitoa jichoni. Nilikaa mbele yake, tukitazamana, na lenzi iliyokuwa upande wangu wa kulia nikaiweka kwenye kikopo kilichoandikwa Kulia. Mimi, niliyeongoza darasa zima katika somo la kusoma ramani. Tangu hapo anazivua mwenyewe, na kila moja inarudi kwenye kikopo kisicho chake. Leo amezivua mapema kwa hasira, nami nikasoma karatasi ya maelekezo (unanijua, nasoma hata pakiti ya sabuni, ndiyo maana mnaniita Maktaba). Lenzi ya kulia ina nukta moja. Iliyomo kwenye kikopo cha Kulia ina mbili.

Hapo niliweka kalamu chini, nikaenda kumwambia. Hakunigombeza. Alizivaa upya, kila moja kwenye jicho lake, akainua uso akanitazama.

"Hizo chunusi zimeanza lini?"

Kisha akanirushia lile shati. Pokea salamu za wote, pamoja na za cherehani, ambayo haiendi kwa shangazi. Mimi nimeketi kando ya Mama, nimeshaifumua kola yote, na sasa naondoa nyuzi moja moja.

Mdogo wako,
Maktaba