Kengele ya Saa Sita

Dada Cornelia, shikamoo.

Tumsifu Yesu Kristo. Itikia huko huko Wampembe, nitasikia tu. Dagaa zako zimefika, na mama anasema bado zinanukia ziwa.

Huku ukungu umekuwa mzito. Asubuhi shamba lote linaelea, na ng'ombe wa jirani tunawasikia wakitafuna bila kuwaona. Tunafukia majani kwenye vilima vya udongo ili yaoze, mwakani tuvitawanye tupande ulezi. Mikono yangu imeota malengelenge. Kumbe utawa ulikuwa umeilainisha hivi!

Baba unamjua. Tangu nirudi bila shela, ananiita mgeni. "Mpeni mgeni ugali." Siku ya nadhiri zangu alichinja fahali, kwa hiyo namwelewa. Sikutoka kwa ugomvi wala kwa ajili ya mwanamume. Ni kwamba sauti iliyoniita kule ilianza kusikika huku, kwenye udongo huu. Ningemwelezaje?

Jana kengele ya saa sita ililia parokiani tukiwa shambani. Baba akavua kofia, nami nikangoja aanze sala ya Malaika wa Bwana kama kawaida yake. Hakuanza. Ukungu ulikuwa ukipanda polepole kutoka kwenye vilima, kana kwamba vinapumua.

"Rozina," akasema, "tusalishe."

Dada, sala niliyoisali kila siku miaka yote ile, sikukumbuka hata neno lake la kwanza. Baba alisimama palepale, kofia mkononi, akanisubiri.

Mdogo wako,
Rozina