Firigisi ya Baba Mukwe

Yaya Rachida, dada yangu, acha masufuria usome. Niko ku Kampemba, kwa bakwe ya Donat. Mbavu zinaniuma juu ya kucheka.

Unakumbuka siku ya dot, Donat alipoleta mahari, firigisi ya baba mukwe ilipotea mu sahani? Bote balisema Brigitte, dada ya Donat, njo aliikula kule jikoni. Tangu pale hakuna mutu anamuita kupika ku feti.

Leo bakwe balitaka kuona video ya ile siku. Donat akaleta tablette, akaifunga na televizyo, akakuza picha mpaka kona moja ikatoka inje ya televizyo.

Brigitte akamuambia polepole: “Funga picha, kidole ikigusa itatembea.”

Donat: “Weye ulishindwa kuchunga firigisi, utanifundisha video?”

Mama mukwe akaleta fanta. Donat, mukwe muzuri, akainama kupokea, tablette mukononi, na kidole gumba ikakokota kioo. Picha yote ikatembea.

Yaya. Kona ikaingia katikati ya televizyo. Donat mu costume, nyuma ya kiti ya baba mukwe, anatafuna firigisi, macho imefungwa juu ya utamu.

Nyuma ya kiti ya mwenyewe firigisi, yaya.

“Papa, ile ni mukate,” Donat akasema.

“Basi rudisha nyuma,” Brigitte akamujibu, “tuone vizuri ule mukate.”

Baba mukwe akavuta kiti pembeni yake: “Brigitte, mama, kaa hapa. Leo Donat njo atapika kuku, na firigisi ni yako.”

Saa hii mukwe iko inje ananyonyoa kuku mbele ya bakwe bote. Brigitte anamuambia toka ku kiti: “Polepole, kaka, usipasue firigisi yangu.”